Siti binti Saad na Baraza la Wanyonge

Wazee wa Kasulu na Kibondo wamerithi habari za Wabelgiji, walioiteka Kigoma mwaka 1916 na kuitawala nchi ya Waha hadi 1921. Si wengi wanaokumbuka kwamba dola ya Ubelgiji yenyewe ilianza na wimbo. Usiku wa tarehe 25 Agosti, 1830, watu wa Brussels walitoka katika jumba la opera wakiwa wamepandwa na hamasa, wakaungana na umati wa mitaani, na uasi dhidi ya Mfalme wa Uholanzi ukaanza. Basi asiidharau mtu nguvu ya wimbo. Visiwani kwetu nguvu hiyo ilikuwa na jina: Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilieleza hali ya wazazi wake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, kwani utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Alirithi kwa mama yake kazi ya ufinyanzi, akawa akibeba vyungu kwenda kuviuza kwa miguu, akiwaita wanunuzi kwa sauti iliyowasimamisha wapita njia. Shule hakuipata. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mafundi wa muziki wakamwongoza katika taarab.

Tangu enzi ya Sultani Barghash, taarab ilikuwa starehe ya jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliivika Kiswahili. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikaenea mwambao mzima. Binti wa mfinyanzi akasikika kote palipokuwa na gramafoni.

Lakini utukufu wake mkubwa ulikuwa Ng'ambo, mtaa wa maskini, alikoimba usiku mbele ya majirani. Huko mambo ya mahakamani na maofisini yaligeuka nyimbo. Aliimba juu ya makarani waliokula fedha na kufungwa. Aliimba juu ya Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kisha akakimbilia bara, huku mahakama ikiwageuzia lawama wanawake waliotoa ushahidi. Wasikilizaji hawakuwa na kura wala gazeti. Walakini usiku ule walikuwa mahakimu, wakapima hukumu iliyotolewa mchana.

Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja vilivyokuwa chini ya nyumba zao. Hatudai kwamba nyimbo ndizo zilizouzaa mgomo huo. Tunasema tu kwamba watu waliokwisha zoea kuijadili haki barazani hawashindwi kuidai hadharani.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Hakugombea cheo wala hakuongoza chama. Hata hivyo aliwafundisha wanyonge kwamba mambo ya serikali ni mambo yao.

Nanyi wenye madaraka, Visiwani na Bara, taarifa za maofisini hupambwa kabla ya kuwafikia. Kinachoimbwa arusini Unguja na ngomani Kasulu hakikupambwa kwa ajili yenu. Kisikilizeni mapema, kwani wimbo usiosikilizwa haufi; hungoja siku yake.