Mwanga II: Kabaka anayeitwa kutoa ushahidi na pande zote mbili

KILA ifikapo Juni 3, waumini wa Kanisa Katoliki katika Jimbo la Sumbawanga, kuanzia mjini hadi Kaengesa iliko seminari ya vijana wanaojiandaa kwa upadri, huungana na wenzao duniani kote kumkumbuka Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Tangu mwaka 1934 Lwanga ametambuliwa na Kanisa hilo kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika.

Aliyeamuru kuuawa kwake hutajwa kwa kifupi tu, kama mfalme katili aliyetaka kuwaingiza vijana wa ikulu yake katika mapenzi ya jinsia moja na kuwachoma moto walipokataa. Mfalme huyo ni Mwanga II, Kabaka wa Buganda, aliyefariki dunia mwaka 1903.

Zaidi ya karne moja baadaye, jina lake limerudi mjadalani. Viongozi wa dini wanaopinga ndoa za jinsia moja huwataja mashahidi wa Namugongo kuwa jibu la Afrika kwa madai hayo. Watetezi wa haki za watu wanaopenda wa jinsia yao nao humtaja Mwanga kuwa ushahidi kwamba mapenzi ya namna hiyo hayakuletwa na Wazungu. Kila upande huchukua sehemu ya maisha yake na kuacha nyingine.

Msafara uliogawanyika Tabora

Ufipa na Buganda ziko mbali, lakini habari zao za dini zina chimbuko moja. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, waliondoka Bagamoyo kwa msafara mmoja. Walipofika Tabora waligawanyika. Kundi moja lilielekea Ziwa Tanganyika, ambako mwaka 1885 wamisionari hao walikabidhiwa kituo cha Karema na baadaye wakasogea hadi Ufipa. Kundi la pili lilishika njia ya kaskazini, na Februari 1879 Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans walifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, baba yake Mwanga.

Waliikuta ikulu hiyo ikiwa na wageni wengine. Waislamu kutoka pwani walikwishafika miaka mingi kabla yao, na wamisionari wa Kianglikana waliingia mwaka 1877. Mutesa aliwapokea wote na kuwasikiliza wote, bila kujifunga kwa yeyote. Wala hakusita kumwaga damu. Mwaka 1876 aliwaua Waislamu wengi wa ikulu yake walioweka amri za dini mbele ya amri zake.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868 hivi na kurithi kiti hicho Oktoba 1884, akiwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na umri wala uzoefu wa baba yake, naye alikuta mambo yamebadilika. Vijana waliomhudumia ikuluni, ambao kwa desturi walitolewa na koo mbalimbali ili waje kuwa machifu wa kesho, walikuwa wakijifunza kusoma kwa wamisionari. Walianza kumtii mkuu mwingine asiyeonekana. Upande wa mashariki, Wajerumani walikuwa wakitia saini mikataba ya kuchukua ardhi iliyokuja kuwa Tanganyika.

Mwezi Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliyekuwa akiingia Buganda kwa njia ya mashariki, njia ambayo Waganda waliamini kuwa ndiyo ya maadui, aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa wahudumu wa ikulu na Mkatoliki, alimkemea mfalme kwa mauaji hayo. Alikuwa pia akiwalinda vijana waliokuwa chini yake dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme. Novemba 15, 1885 alikatwa kichwa.

Siku tisa za mwaka 1886

Mei 25, 1886 mfalme alirejea kutoka mawindoni katika makazi yake ya Munyonyo, kando ya ziwa, akakuta wahudumu wake wengi hawapo. Akamtafuta Mwafu, mtoto wa Katikiro wake. Alipoelezwa kwamba kijana huyo alikuwa akifundishwa dini na Denis Ssebuggwawo, alimjeruhi Ssebuggwawo kwa mkuki, na baadaye akamkabidhi kwa wauaji.

Usiku huo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Balikuddembe, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Miongoni mwao alikuwamo Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye miaka 14 hivi. Asubuhi ya Mei 26 mfalme aliwaita wote na kuwataka wanaosali wajitenge upande mmoja. Walijitenga. Walifungwa kamba na kupelekwa kwa miguu hadi Namugongo, mahali pa kunyongea, ambako Juni 3 walichomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mbaga Tuzinde, aliyelelewa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alibembelezwa aikane dini ili aokolewe. Alikataa.

Kwa hesabu ya makanisa, waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Hapa ndipo hoja za leo zinapogongana. Habari zilizoandikwa na wamisionari waliokuwapo, pamoja na ushahidi wa walionusurika uliokusanywa na Kanisa baadaye, zinaeleza kwamba mfalme aliwataka baadhi ya wahudumu kimwili, kwamba waliobatizwa walianza kumkwepa, na kwamba kukataliwa huko kulimkasirisha. Kwa wanaozikubali habari hizo, Namugongo ni fundisho la usafi wa moyo mbele ya nguvu za mtawala.

Hata hivyo, orodha ya waliouawa ina watu ambao habari hiyo peke yake haiwezi kuwaeleza. Andrea Kaggwa, kiongozi wa wapiga ngoma wa mfalme na rafiki yake, alikuwa mtu mzima aliyeuawa kwa shinikizo la Katikiro. Matia Mulumba Kalemba, mtu mzima aliyekuwa na wadhifa katika utawala, aliuawa kwa kukatwa viungo huko Kampala. Hao waliuawa kwa sababu ya dini na utii wao. Ndiyo maana wanahistoria kadhaa, akiwamo Profesa Samwiri Lwanga Lunyiigo wa Uganda aliyechapisha kitabu kuhusu Mwanga mwaka 2011, wameyatazama mauaji hayo kwanza kama mapambano ya madaraka ya mfalme aliyeona nchi ikimponyoka.

Ikumbukwe pia kwamba Mwanga alikuwa na wake wengi na watoto. Hakuna aliyemwita kwa jina lolote kati ya yale yanayotumika leo, wala Buganda ya wakati ule haikuwa na mjadala wa ndoa za jinsia moja. Na kama habari za wamisionari ni za kweli, zinaeleza mtawala mwenye mamlaka ya uhai na kifo akiwataka vijana waliokuwa chini yake, baadhi yao watoto. Hilo ni jambo tofauti na watu wazima wawili wanaokubaliana. Wanaomtaja Mwanga kupinga haki hizo hulipita jambo hili, na wanaomtaja kuzitetea hulipita pia.

Mkimbizi wa Bukumbi na Bukoba

Mauaji hayakuzima dini. Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwaondoa Wakristo na Waislamu kwa mara moja, inaelezwa kwa kuwatelekeza kisiwani ziwani. Mpango ukavuja. Septemba mwaka huo vijana wa dini zote tatu, ambao sasa walikuwa na bunduki, waliungana na kumpindua.

Mfalme aliyewachoma Wakristo alivuka ziwa kuelekea kusini na hatimaye kupata hifadhi Bukumbi, karibu na Mwanza, katika kituo cha Mapadri Weupe. Wamisionari ambao wanafunzi wao waliuawa naye walimlisha na kumlinda. Mwaka 1889 jeshi la Wakristo lilimrudisha madarakani, likiwashinda Waislamu waliokuwa wamekamata nchi.

Alirudi akiwa mfalme wa jina. Desemba 1890 alitia saini mkataba na Kapteni Frederick Lugard. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao katika vita vya Mengo, na bunduki za Lugard zikawapa ushindi Waprotestanti. Mwanga alikimbilia Bukoba kwa Wajerumani kabla ya kurejeshwa. Mwaka 1894 nchi yake ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza.

Julai 1897 aliasi. Alishindwa vita Buddu, akaingia tena katika ardhi ya Wajerumani na kuzuiliwa Mwanza. Huku nyuma alivuliwa ufalme, na mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akawekwa mahali pake. Miongoni mwa waliotawala kwa niaba ya mtoto huyo alikuwa Apolo Kagwa, ambaye mwaka 1886 alikuwa mmoja wa vijana wa ikulu waliopigwa na mfalme na kuachwa hai. Mwaka 1901 Kagwa ndiye aliyechapisha kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda. Hivyo habari za Mwanga ziliandikwa zaidi na walioumizwa naye na waliomshinda.

Mwanga alitoroka Mwanza na kuungana na hasimu wa zamani wa Buganda, Mfalme Kabalega wa Bunyoro, kupigana na Waingereza. Walikamatwa pamoja Aprili 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, kanisa la askofu aliyeamuru auawe, akapewa jina la Danieli. Alifariki dunia Mei 8, 1903, akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Kasubi, karibu na baba yake.

Jina lililobaki

Waingereza waliacha Uganda, Kenya na Tanganyika sheria za jinai zinazoadhibu kile zilichokiita kujamiiana kinyume cha maumbile. Nchini Tanzania kosa hilo lina adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke.

Makanisa, kwa upande wake, yaliwapandisha hadhi waliouawa. Oktoba 18, 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na mwaka 1969 akaenda mwenyewe Uganda. Namugongo imekuwa mahali pa hija pa mamia ya maelfu ya watu, wakiwamo Watanzania wengi.

Mwaka 2005 Uganda iliingiza marufuku ya ndoa za jinsia moja katika Katiba. Mwaka 2009 muswada uliopendekeza adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja ulifikishwa bungeni. Viongozi wa dini hawakuwa na sauti moja. Askofu Mkuu wa Kampala, Cyprian Lwanga, aliyepinga mapenzi hayo waziwazi, alisema katika Krismasi ya mwaka huo kwamba muswada ule haukulingana na maadili ya Kikristo ya heshima na huruma. Mwaka 2012 baraza la pamoja la makanisa lililiomba Bunge liupitishe haraka.

Katikati ya mvutano huo, Januari 26, 2011, David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki za watu hao, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, wiki chache baada ya kushinda kesi dhidi ya gazeti lililochapisha picha yake na kutaka watu kama yeye wanyongwe. Mahakama ilimfunga mtu mmoja kwa mauaji hayo. Mazishini mhubiri aliwashutumu waombolezaji, na ikabidi Christopher Senyonjo, askofu aliyeondolewa katika huduma ya Kanisa la Kianglikana kwa kuwatetea, amalizie sala kaburini.

Sheria iliyosainiwa mwaka 2014 ilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka huohuo. Nyingine, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, ilisainiwa Mei 26, 2023, siku ileile ya mwezi ambayo Mwanga alitoa hukumu Munyonyo. Mahakama iliibakiza sehemu kubwa ya sheria hiyo mwaka 2024. Miezi michache kabla ya kusainiwa kwake, Papa Francis, ambaye mwaka 2015 alisali Namugongo, alisema kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai, huku akisisitiza kuwa kwa mafundisho ya Kanisa matendo ya mapenzi hayo ni dhambi, na ndoa ikibaki ya mwanamume na mwanamke.

Mjadala huo haujaisha, na maisha ya Mwanga hayawezi kuuamua. Yanachoeleza bila utata ni kilichotokea pale mtawala aliyejiona anapoteza nchi alipotaka watu wajitenge upande mmoja, ili awajue na kuwaangamiza. Waumini hukusanyika Namugongo kila mwaka kwa ajili ya vijana waliokataa kuikana dhamiri yao mbele ya dola. Wanaodai haki sawa leo, ambao wengi wa waumini hao hawakubaliani nao, huiomba dola jambo hilohilo: iwaache hai.