Jacques Plante: Mlinda Lango Aliyeuficha Uso Wake

Jacques Plante alizaliwa tarehe 17 Januari 1929 katika kijiji cha Notre-Dame-du-Mont-Carmel, jimbo la Quebec nchini Kanada, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 11. Punde si punde wazazi wake walihamia mji wa viwanda wa Shawinigan Falls, ambako baba alipata kibarua. Mshahara wa kiwandani haukutosha kuwalisha na kuwavika wana wote hao katika nchi ambayo baridi yake haina mzaha. Hivyo basi, mama alimfundisha mwanawe wa kwanza kufuma soksi, fulana na kofia za sufi. Kazi hiyo Plante hakuiacha asilani. Hata alipokuwa nyota wa kulipwa, wenzake walikuwa wakimkuta garini moshi na sindano zake za kufumia, ametulia tuli kama bibi kizee barazani, ilhali wao wakicheza karata.

Msomaji aliyezoea mpira wa magongo wa viwanja vya nyasi yafaa aelezwe kidogo kuhusu ule unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye makali chini ya soli na huteleza kwa kasi ambayo mkimbiaji hawezi kuifikia. Badala ya mpira, hugombania kisahani cha raba kilichogandishwa kikawa kigumu kama jiwe. Mlinda lango husimama mbele ya wavu, naye kazi yake ni kuzuia kisahani hicho kwa mkono, mguu, kifua au kwa chochote alicho nacho. Katika zama za Plante, miguu na kifua vilikingwa kwa ngozi na sufi. Uso uliachwa wazi.

Haikuwa dhamira ya mtoto huyo kuwa mlinda lango. Alipokuwa na umri wa miaka mitano alianguka kutoka ngazini akavunjika mkono, nao ukaunga vibaya. Fauka ya hayo, alisumbuliwa na pumu. Pumzi zilimwishia upesi kila alipoteleza na wenziwe, na hapo ndipo alipojikuta akirudi nyuma golini, mahali asipohitajika kukimbia sana. Baba yake alimchongea gongo la kwanza kutokana na mzizi wa mti. Alipobaleghe alikuwa tayari akidakia timu ya kiwanda alichofanyia kazi baba yake kwa ujira wa senti 50 kila mechi. Si pesa za kujivunia, lakini tangu utotoni Plante alikwisha kujua kwamba jasho lake lina bei, na tabia hiyo ya kutokubali kupunjwa ilikuja kuwaudhi mabwana wengi.

Akiwa kijana alijiunga na timu ya Citadelles mjini Quebec. Mabeki wa timu hiyo walikuwa wazito, na mara nyingi kisahani kilipopita nyuma ya lango waliwahiwa na wapinzani. Plante akaamua kukifuata mwenyewe. Alitoka langoni, akazunguka nyuma ya wavu, akakizuia kisahani na kumpasia mwenzake. Leo jambo hili hufanywa na kila mlinda lango wa mchezo huo, hata halionekani. Wakati ule lilikuwa sawa na mlinzi wa usiku kuacha mlango wa duka na kwenda kumfukuza mwizi uchochoroni. Mashabiki walishika vichwa, nao makocha walifoka. Alikuwa pia akiwapigia kelele mabeki wake kuwaeleza adui yuko wapi, akiinua mkono kuwaashiria. Kwa hakika, mengi katika ufundi wa kulinda lango ambayo sasa hufundishwa kama elimu ya msingi yalianza kwa ukaidi wake.

Klabu ya Montreal Canadiens ilimwita kwa muda mfupi mnamo Novemba 1952, baada ya mlinda lango wake, Gerry McNeil, kuumia taya. Kocha Dick Irvin hakupendezwa na kofia ya sufi aliyoivaa Plante uwanjani, kofia ambayo kijana huyo alikuwa ameifuma kwa mikono yake. Akaikataza, na tangu siku hiyo haikuonekana katika mechi za ligi kuu. Katika nusu fainali ya mwaka 1953 dhidi ya Chicago, Montreal walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa mbili, na kushindwa mara moja zaidi kungewarudisha nyumbani. Irvin alimwondoa McNeil akamweka Plante, kijana ambaye alikuwa amedaka mechi tatu tu za ligi hiyo. Hakufungwa hata bao moja siku hiyo. Montreal wakashinda 3-0, wakashinda na mechi ya saba, kisha wakalitwaa Kombe la Stanley mbele ya Boston.

Kufikia msimu wa 1954–55 lango la Montreal lilikuwa lake. Mwaka uliofuata Toe Blake alichukua hatamu za ukocha, na timu iliyokuwa na Maurice Richard, Jean Béliveau na Doug Harvey ikaanza kutawala kiasi ambacho hakijarudiwa. Ilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Katika kila mmoja wa miaka hiyo mitano Plante alipata Tuzo ya Vezina, ambayo wakati huo ilikuwa ya mlinda lango wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Wako wanaodai kwamba mtu yeyote angeng'ara nyuma ya mabeki kama Harvey. Dai hilo lina chembe ya ukweli. Hata hivyo, linasahau kwamba kisahani kikishampita Harvey hakikuwa na mwingine wa kukutana naye isipokuwa uso wa Plante.

Na uso huo ulikuwa umeumia. Kufikia mwaka 1959 pua yake ilikuwa imevunjika mara nne, mifupa ya mashavu yote mawili imewahi kupasuka, na nyuzi alizoshonwa zilikaribia 200. Katika miaka hiyo kila timu ilisafiri na mlinda lango mmoja tu. Akiumia, mchezo ulisimama, daktari akamshona, naye akarudi barafuni akivuja damu. Hiyo ndiyo iliyoitwa ujasiri. Plante alikuwa ameanza kuvaa barakoa mazoezini tangu katikati ya miaka ya hamsini, na Blake hakumzuia huko. Katika mechi ilikuwa mwiko. Blake aliamini kwamba barakoa ingemzuia kukiona kisahani kikiwa karibu na miguu yake, na kwamba mlinda lango asiyeogopa kuumia ndiye aliye macho zaidi.

Yafaa kutaja kuwa Plante hakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hili. Mnamo 1927 Elizabeth Graham, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Queen's mjini Kingston, alidaka akiwa amevaa kinga ya uso ya mchezo wa vitara. Mwaka 1930 naye Clint Benedict wa Montreal Maroons alivaa barakoa ya ngozi kwa mechi chache baada ya kuvunjwa uso, akaiacha kwa kuwa ilimziba macho. Takriban miaka 30 ikapita pasiwe na aliyethubutu tena katika ligi kuu. Aliyemsaidia Plante ni Bill Burchmore, muuzaji wa bidhaa za nyuzi za kioo, ambaye alimwona akipigwa pajini mwa uso katika mechi moja na kurejea kazini akiwaza. Burchmore alimtengenezea barakoa nyembamba ya rangi ya ngozi, iliyofinyangwa kwa kufuata uso wake mwenyewe. Plante aliibeba kila aliposafiri na timu.

Usiku wa tarehe 1 Novemba 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, mchezo ulikuwa na dakika tatu tu. Andy Bathgate wa Rangers, mmoja wa wapigaji hodari wa wakati wake, aliachia kombora kutoka karibu. Kisahani kilimpasua Plante kuanzia puani hadi mdomoni. Aliondoka barafuni akitiririkwa na damu, akashonwa nyuzi saba. Kisha akamweleza Blake kwamba hatarudi bila barakoa yake. Blake hakuwa na mlinda lango mwingine wa hadhi. Waliokuwapo ukumbini walikuwa watu wa ridhaa wa kuziba pengo. Baada ya kucheleweshwa kwa zaidi ya dakika 20, Plante alirejea langoni akiwa na sura isiyo na sura: matundu mawili ya macho na ufa wa mdomo juu ya ganda jeupejeupe. Montreal walishinda 3-1.

Makubaliano yalikuwa kwamba ataivua jeraha likipona. Lakini Montreal hawakushindwa mechi hata moja mwezi mzima wa Novemba, na kocha gani angethubutu kumvua mshindi kinga yake? Tarehe 8 Machi 1960, kwa kumridhi Blake, Plante alicheza mjini Detroit uso ukiwa wazi. Walifungwa 3-0. Mjadala ukafa hapo. Katika michuano ya kombe iliyofuata, Montreal walishinda mechi zote nane walizocheza, naye Plante akiwa ndani ya barakoa yake.

Walikuwapo waliomwita mwoga, na hao hawakuwa mashabiki peke yao. Baadhi walikuwa walinda lango wenzake wenye makovu kama yake. Tuhuma hiyo ilihitaji moyo mgumu kuistahimili katika mchezo ambao uliipima thamani ya mwanamume kwa nyuzi alizoshonwa. Plante aliistahimili kwa sababu, kusema kweli, hakujali sana kupendwa. Alikuwa mpweke. Aghalabu alilala katika hoteli tofauti na wenzake mjini Toronto kwa madai kwamba hewa ya hoteli ya timu ilimwamsha pumu, na Blake hakujua kamwe pumu ni kiasi gani na ubishi ni kiasi gani. Huenda hata Plante mwenyewe hakujua.

Goti lilimsumbua msimu wa 1960–61, akafanyiwa upasuaji, kisha akarejea na kucheza mechi zote 70 za msimu wa 1961–62. Alipata Vezina ya sita na Tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi. Mlinda lango mwingine hakuipata Hart hadi Dominik Hašek mwaka 1997. Lakini uhusiano wake na Blake ulikuwa umechakaa. Mnamo Juni 1963 Montreal walimpeleka New York Rangers, timu dhaifu, nao wakampokea Gump Worsley. Mwaka 1965 Plante alistaafu.

Hakudumu kustaafu. St. Louis Blues walimrudisha mwaka 1968, na akiwa na umri wa miaka 40 alishirikiana na Glenn Hall kutwaa Vezina ya saba. Katika mechi ya kwanza ya fainali ya mwaka 1970 dhidi ya Boston, kombora lilikengeuka likampiga juu ya jicho na kuipasua barakoa. Alipelekwa hospitalini akiwa hajitambui, na baadaye akaeleza kwamba bila ganda lile angekufa. Msimu uliofuata akiwa Toronto, katika umri wa miaka 42, aliruhusu wastani wa mabao 1.88 kwa kila mechi. Huko ndiko alikomfunza Bernie Parent, kijana aliyekuja kuipa Philadelphia makombe mawili.

Kisa kimoja cha wakati huo chastahili kukumbukwa. Septemba 1972, kabla ya mechi ya kwanza kati ya Kanada na Muungano wa Kisovieti mjini Montreal, Plante aliingia katika chumba cha wageni akamweleza mlinda lango wao chipukizi, Vladislav Tretiak, jinsi kila mshambuliaji wa Kanada anavyopiga. Yasemekana alimhurumia kijana huyo, kwa kuwa kila mtu aliamini angedhalilishwa. Wasovieti walishinda 7-3. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu ulindaji lango, naye hakuficha ndani yake siri yoyote ya kazi.

Alidaka kwa mara ya mwisho katika msimu wa 1974–75 akiwa na Edmonton Oilers, wakati huo katika ligi pinzani ya WHA. Jumla ya mechi zake katika NHL ilikuwa 837, alishinda 437 na katika 82 hakufungwa. Aprili 1974 Andy Brown wa Pittsburgh alikuwa mlinda lango wa mwisho wa NHL kucheza na uso mtupu. Hata Worsley, aliyekejeli barakoa kwa miaka na miaka, aliivaa katika mechi zake za mwisho.

Plante alihamia Uswisi, akawa akiitwa huku na huko kuwanoa walinda lango. Aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo mwaka 1978. Saratani ya tumbo ilimuua mjini Geneva tarehe 27 Februari 1986, akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa Sierre. Timu ya watoto kutoka Quebec ilikuwa nchini humo kwa mashindano. Jeneza lilipotolewa kanisani, watoto hao walisimama safu mbili wakayainua magongo yao juu na kuyakutanisha, naye akapitishwa chini yake.