Mary Ainsworth: Alifunzwa na Wamathe wa Uganda, Kisha Kazi Yake Ikatumika Kuwahukumu Wamathe

Ukipita Majengo saa kumi na mbili asubuhi, utapatana na wamathe wakiteremka mbio kuelekea Gikomba kabla mali nzuri haijaisha. Mtoi ameachwa kwa shosho, ama kwa jirani, ama kwa yule mama wa deikea anayelea watoi kibao kwa chumba kimoja. Mathe yangu alifanya hivyo na mimi. Na kama ushawahi kusoma saikolojia, hata kidogo tu, unajua kuna mahali kwa notisi watakuambia mtoto akiharibika, uanze kuangalia mama yake.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, lakini hiyo topiki tulikuwa tumeifikia. Jina lililokuwa linarudi kila ukurasa ni Mary Ainsworth. Kitu notisi zilipita juu juu ni kwamba huyu mama alianzia hiyo kazi hapa tu jirani, Uganda. Wacha nikupe story yake.

Alizaliwa Ohio, Marekani, 1913, akalelewa Toronto, Kanada. Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu kimoja cha saikolojia akaamua hiyo ndiyo njia yake. Chuo kikuu aliingia na miaka 16, na udaktari wa saikolojia akamaliza 1939. Vita vya Pili vikakuja, akaingia jeshi la wanawake la Kanada 1942, akafika cheo cha meja. Sasa cheki hii. Vita vimeisha, profesa wa Chuo Kikuu cha Queen's anamtaka kwa kazi. Seneti ya chuo ikakataa. Si eti hajasoma. Ni mwanamke, basi.

1950 akaolewa na Leonard Ainsworth, jamaa aliyekuwa bado anasomea udaktari wake. Leonard akaenda kumalizia London, Mary akafuata. Huko hakuwa na kazi, akaona tangazo kwa gazeti, na ndivyo alijipata kwa ofisi ya daktari John Bowlby. Huyu Bowlby ndiye aliyeandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya 1951 kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Ripoti yenyewe ilihusu sana watoto waliopoteza makao yao. Lakini ikitoka ofisini kuingia mtaani, ujumbe ulikuwa umegeuka kuwa mama asitoke nyumbani. Baba hakuambiwa kitu.

1954 Leonard akapata kazi Kampala, kwa taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Mary akafuata tena. (Ukihesabu mara ngapi huyu mama alihama juu ya kazi ya bwana, utachoka.) Alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa nyanya yake, akataka kuona hiyo kuachana inamfanyia nini mtoto. Kufika, akakuta desturi yenyewe imefifia. Plan ikabuma.

Hakurudi. Alichukua familia 26 zenye watoi 28 kwa vijiji karibu na Kampala, akawa anawatembelea karibu kila wiki mbili, masaa mawili hivi kila mara, kwa miezi. Alikuwa na mkalimani wake, Katie Kibuka, mtu ambaye notisi zangu hazikumtaja hata mara moja. Wamathe hawakulipwa pesa. Walipata lifti ya kwenda kliniki na maziwa ya unga kwa bei ya jumla.

Sasa yeye anakaa pale sebuleni anaangalia tu. Mtoi anatambaa anaenda mbali kidogo, anageuka kuona kama mathe yuko, anaendelea. Akishtuka, anarudi mbio. Leo hiyo inaonekana kitu ya kawaida, lakini ni pale Uganda ndipo Ainsworth alianza kuipanga ikawa elimu. Akagawa hao watoi: 16 walikuwa wametulia na mathe wao, 7 walikuwa na wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajamshika mtu.

Alafu akauliza, tofauti inatoka wapi? Shika hapa vizuri. Mtoi kulelewa na mikono mingi hakukuleta tofauti ya maana. Kilichojitokeza ni kwamba wamathe waliokuwa na story nyingi ndogo ndogo za mtoi wao, hata bila kuulizwa, na wale waliofurahia kunyonyesha, ndio watoi wao walitulia zaidi. Na kuna watoi waliomshika pia baba, ama nyanya, ama ndugu wa mama mwingine.

Yaani jibu la mathe wa Gikomba lilikuwa tayari limeandikwa.

Mwisho wa 1955 wakahamia Baltimore, Marekani. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa mshahara usiolingana na umri wala ujuzi wake. Hata lunch ilikuwa noma: walimu wanaume na wanawake walikula vyumba tofauti, na wakubwa wa idara walikuwa wanaume, so hakuwa anaweza kuketi nao meza moja. Ndoa ikavunjika 1960.

Huko Baltimore akafuata familia zingine 26, za Wazungu wa tabaka la kati, wamathe wengi wakiwa wa kushinda nyumbani. Akaunda jaribio la dakika 20 hivi: chumba kigeni, midoli, mathe anatoka, mgeni anaingia, mathe anarudi, unaangalia mtoi atafanya nini. Baba hakuwa kwa chumba. Shosho pia hakuwa.

Hilo jaribio ndilo lilisafiri dunia nzima, kwa sababu ni fupi na halihitaji mtu akae kijijini miezi tisa. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967 na wachache wanakifungua. Watetezi wa wanawake walimkasirikia, wakisema kazi yake inafungia mama nyumbani. Yeye mwenyewe alitamani watoto na hakubarikiwa nao, na alisema angewapata angejaribu kuunganisha kazi na ulezi. Aliaga 1999, Virginia, akiwa na miaka 85.

Juzi nilimhadithia mathe hii story yote akipanga mitumba yake. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alitaka tu kujua hayo maziwa ya unga yalikuwa bei gani, na kama wale watoi walipona.