Daktari wa Mfalme na Pafu la Babu

Nyumbani kwetu Shighatini, Babu ana shilingi moja ya zamani aliyoachiwa na baba yake, anaiweka kwenye kopo la tumbaku. Upande mmoja kuna simba na milima nyuma yake, upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita. Nilipokuwa mdogo niliichezea tu. Likizo hii niliitazama kwa muda mrefu, maana Babu na huyo mfalme wameugua mahali pamoja: pafu. Na wote wawili ni watu wa sigara.

Mimi nasoma ualimu, siyo udaktari, kwa hiyo mnivumilie. Ila daktari alipotueleza kwamba uvimbe wa Babu umekaa karibu na njia panda ya mirija ya hewa, na kwamba swali ni kama litatoka pafu zima au sehemu tu, nilirudi chuo nikazama maktaba. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza kufikiria kubakiza kitu. Ndipo nikakutana na Clement Price Thomas.

Alizaliwa 1893 Abercarn, Wales, kwenye mabonde ya wachimba makaa ya mawe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alitumika na kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza huko Gallipoli, Macedonia na Palestina, tena akiwa askari wa kawaida. Alifuzu udaktari 1921, akafanya kazi Hospitali ya Westminster na baadaye Brompton, hospitali ya vifua ya London. Enzi hizo dawa za kifua kikuu hazijapatikana, wapasuaji walikata mbavu za mgonjwa ili pafu lisinyae na lipumzike. Katika kazi hiyo ngumu ndimo alimojenga mkono wake.

Kwa saratani njia ilikuwa moja. Mwaka 1933, St. Louis, Marekani, Evarts Graham alitoa pafu zima la mgonjwa, na mgonjwa akaishi miaka mingi. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ukageuka kuwa mazoea: uvimbe ukikaa katikati, kwenye mrija mkuu, pafu lote linatoka hata kama sehemu kubwa yake ni nzima. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, vyote vinategemea mlango mmoja. Mlango ukiharibika, nyumba inabomolewa.

Mwaka 1947 alifika kwake kijana aliyekuwa akifunzwa urubani katika jeshi la anga. Alikuwa na uvimbe mrijani, siyo ule wa kusambaa kwa kasi. Akibaki na pafu moja, urubani ndo basi. Price Thomas alikata kile kipande cha mrija chenye uvimbe, akashona ncha mbili zilizobaki, pafu likabaki mahali pake.

Kwetu Upareni hili halihitaji picha. Bomba la maji likiharibika karibu na tangi, fundi hahami na shamba zima. Anakata kipande kibovu, anaunga. Tofauti ni kwamba bomba hili linapumua, na mshono ukivuja mtu yuko hatarini. Baadaye wapasuaji waliitumia njia hiyo kwa saratani pia: kinatoka kipande cha pafu kilichougua pamoja na pingili ya mrija, kisha vilivyo vizima vinaunganishwa upya. Siyo kila mtu anafaa. Lazima ncha zinazoshonwa ziwe safi, zisiachwe na mabaki ya saratani.

Mfalme hakupata bahati hiyo. Tarehe 23 Septemba 1951, ndani ya Kasri la Buckingham, Price Thomas alimtoa pafu zima la kushoto. Wananchi hawakuambiwa kuwa ni saratani. Mfalme alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, akiwa na miaka 56, kwa moyo. Binti yake Elizabeth alikuwa jirani zetu Kenya, upande wa Nyeri, na huko ndiko alikopata habari kwamba sasa yeye ndiye malkia. Hiki kipande Babu alinirudishia mara mbili nikisimulie.

Mpasuaji mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Akapata saratani ya pafu, akapasuliwa na madaktari aliowafundisha. Yaani alilala kwenye meza ileile aliyozoea kuisimamia. Alifariki 1973.

Kule hospitali walimuuliza Babu kama anaweza kupanda ngazi bila kupumzika, maana wanapima pumzi itakayobaki. Babu akacheka. Kila siku anapandisha majani ya ng'ombe kutoka bondeni hadi nyumbani, na mnaopajua kwetu mnaujua ule mwinuko. Ila mimi nilikuwa nyuma yake mwezi uliopita. Alisimama mara nne, kila mara akijifanya anatazama migomba.

Vipimo vya mwisho ni wiki ijayo. Ameniuliza yule daktari alikufa na miaka mingapi. Nikamwambia 79. Yeye ana 76. Akalifungua kopo, akamwaga tumbaku yote nje, akairudisha shilingi peke yake.