Habari za Maisha ya Ludwig Boltzmann

Habari za majemadari na wafalme tumezisoma nyingi. Leo napenda kuwaeleza wasomaji habari za mtu wa hesabu, Ludwig Boltzmann, aliyezaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 20 Februari, 1844. Baba yake, mtumishi wa serikali katika kazi ya kodi, alifariki kijana akiwa na miaka 15. Hata hivyo alisoma, akapata udaktari mwaka 1866, na mwaka 1869 akawa profesa huko Graz. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini piano aliipiga vizuri.

Jambo lililomshughulisha ni hewa. Yeye alishika kwamba hewa ni molekuli zisizohesabika, zikienda mbio huku na huko na kugongana. Nani awezaye kuzifuata moja moja? Boltzmann hakujaribu. Mwaka 1872 alitoa mlinganyo unaoeleza, kwa kila mahali na kila wakati, ni molekuli ngapi zinazokwenda kwa kasi gani na upande gani. Ukikusanya kasi zote na kutafuta wastani, unapata mambo tunayoyapima: upepo, joto na kanieneo.

Wakubwa wa zama zake walimpinga. Ernst Mach na Wilhelm Ostwald walishika kwamba atomi hazijaonekana na mtu, basi si za kuaminiwa. Alibishana nao miaka mingi, huku akihama chuo hata chuo: Munich, Vienna, Leipzig, kisha Vienna tena. Alikuwa pia na ugonjwa wa huzuni nzito, na nionavyo mimi si haki kusema kwamba mabishano peke yake ndiyo yaliyomwangusha. Tarehe 5 Septemba, 1906, akiwa mapumzikoni Duino karibu na Trieste, alijiua. Mwaka 1908 Jean Perrin wa Ufaransa alitoa majaribio yaliyothibitisha atomi, na haukupita muda Ostwald mwenyewe akakubali.

Lakini mlinganyo wenyewe uliacha deni. Je, una jawabu daima? Shida ni kwamba hesabu ya molekuli za kasi moja yaweza kuruka ghafla kutoka mahali hata mahali. Fikirini wanafunzi wakitoka darasani: wakienda wote kwa mwendo mmoja, kundi hubaki kundi mpaka bwenini, kila mmoja akienda kwa mwendo wake, kundi hutawanyika njiani. Vivyo hivyo, mwaka 1988 Wafaransa wanne, Golse, Lions, Perthame na Sentis, walionyesha kwamba wastani wa kasi zote huwa laini kuliko hesabu yenyewe. Kwa ulaini huo Lions na mwenziwe DiPerna wa Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1989, walithibitisha kwamba mlinganyo una jawabu hata hewa ikianza katika vurugu kubwa, mbali na utulivu. Kwamba jawabu hilo ni moja tu, hakuna aliyelithibitisha mpaka leo.