Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, ukitoka Musoma kuelekea kaskazini na magharibi, iko nchi ya Buganda. Huko, karibu na mwaka 1864, katika kijiji cha Kiwanda cha wilaya ya Singo, walizaliwa watoto pacha. Mmoja wao aliitwa Waswa, ndilo jina wampalo Waganda pacha wa kiume atanguliaye kuzaliwa. Huyo Waswa ndiye tutakayemsoma leo, ingawa watu wa Uganda na Kongo wanamjua kwa jina jingine.

Ujana wake haukuwa wa utulivu. Alipelekwa kwanza kwa mganga ajifunze kazi ya dawa, lakini moyo wake haukuipenda kazi ile. Akasikia mafundisho ya Waislamu, kisha akasikia mafundisho ya Mackay, yule mmisionari Mskochi aliyefika Buganda mwaka 1878. Siku zile zilikuwa siku za hatari. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliamuru Wakristo wengi wachomwe moto huko Namugongo. Waswa hakuwa miongoni mwa mashahidi wale. Alikuwa bado kijana aliyekuwa akisikiliza kwa mbali. Vita vya dini vilipotokea baadaye alichukua silaha akapigana upande wa Wakristo, naye hajabatizwa bado. Mwaka 1891 akafuatana na jeshi la Kapteni Lugard mpaka nchi ya Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Katika maisha ya kiaskari alizoea kuvuta bangi na mambo mengine yasiyofaa. Nayaandika haya kwa sababu wako watoto wadhaniao kwamba watu wema walizaliwa wema.

Vita vilipokwisha aliyakumbuka maneno ya Mackay. Akaacha bangi, akajifunza kusoma, na mnamo Januari 1895 akabatizwa, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu atajwaye katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Kivebulaya ni jina alilopewa na watu. Bulaya kwa Kiganda ni Ulaya, na jina lote maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa kuwa alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari juu ya kanzu yake nyeupe. Jina la mzaha likamganda, wala hakuchukizwa nalo.

Mwaka ule ule alipelekwa Toro kufundisha. Akiwa huko alisikia habari za Mboga. (Msicheke jina hili. Si mboga za kuliwa na ugali, ni jina la nchi, na siku hizi huandikwa pia Boga.) Nchi hiyo iko upande wa pili wa Ruwenzori, ng'ambo ya mto Semliki, mahali penye kilima kizuri cha malisho ambapo chini yake, kwa upande wa magharibi, huanza ule msitu mkubwa wa Kongo usio na mwisho machoni. Waalimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kwenda huko, lakini walirudi kwa sababu ya njaa, maana wenyeji waliwanyima chakula. Apolo akaomba apelekwe yeye. Ilikuwa mwaka 1896.

Ninyi mliovuka mto Mara wakati wa masika mnaweza kuifahamu safari ile. Alipanda mabega ya milima ambayo kilele chake kina theluji siku zote, akateremka kwenye bonde la joto kali, akavuka Semliki wenye mamba, akapanda tena mpaka Mboga. Hakuwa na bunduki wala wapagazi wengi. Alikuwa na vitabu, na jembe.

Jembe hilo lina habari kubwa kuliko mnavyodhani. Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Watu wake walikuwa wafugaji wa ng'ombe, kama walivyo watu wengi wa Tarime na Serengeti, naye hakupenda mgeni afundishe watu wake kuacha ulevi na uganga na kuoa wake wengi. Akawakataza watu kumwuzia chakula. Alidhani kwamba mgeni huyu naye, kama wale wawili, atashindwa na tumbo lake. Apolo akashika jembe akalima. Akapanda chakula chake mwenyewe, akajenga nyumba yake kwa mikono yake, akakata matete na kusuka kuta. Baadhi ya watu wakaja kumtazama, maana hawakuzoea kuona mtu mwenye kitabu akitoka jasho shambani. Waliokuja kutazama wakakaa kusikiliza. Hivyo darasa la kwanza la Mboga lilianza pembeni ya shamba. Mimi nimefundisha miaka mingi, na nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi humtazama mwalimu kwanza, ndipo amsikilize.

Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi. Watu wa Mboga husimulia kwamba Tabaro aliagiza Apolo apigwe kwa kiboko, naye akapigwa hata akaachwa katika nyasi ndefu wakimdhania amekufa. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameanza kusoma akamkuta, akamficha, akamwuguza kwa siri. Alipopata nguvu hakukimbia. Akarudi mahali pa sala, akapiga ngoma ya kuwaita wasomaji kama kawaida, na Tabaro aliposikia ngoma ile alishangaa sana.

Lakini jaribu kubwa kuliko kiboko lilikuwa bado kuja. Siku moja Apolo alikuwa katika kazi ya kujenga, na mkuki wake ulikuwa pamoja na matete aliyoyakata. Mwanamke mmoja Mkristo wa jamaa ya Tabaro akaja mbio kumsaidia, akajikwaa, akauangukia ule mkuki, akafa. Fikirini jambo hilo. Hakuna aliyetaka mabaya. Huyo mama alikuja kwa upendo. Na mkuki ulikuwa wa mwalimu. Kwetu, ambako zamani damu ya mtu mmoja iliweza kuleta vita baina ya koo mbili, mnajua vema jinsi msiba wa namna hiyo unavyoweza kugeuka kuwa kisasi. Tabaro akapata neno alilokuwa akilitafuta. Akamshitaki Apolo kuwa ni mwuaji, akamfunga, akampeleka kwa Waingereza huko Fort Portal katika Toro. Huko akatiwa gerezani katika minyororo. Ilikuwa mwaka 1898.

Gerezani Apolo alihuzunika, na yeye mwenyewe hakuficha baadaye kwamba moyo wake ulizimia. Aliwaza kwamba Mboga haimtaki, na kwamba labda imempasa kurudi kwao Buganda. Basi usiku mmoja, kama alivyowasimulia rafiki zake, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akamtia moyo asiogope kwa kuwa yu pamoja naye. Tangu siku ile, alisema, watu alipowahubiria waliziacha njia zao za zamani kwa wingi kuliko kwanza. Hatimaye ikaonekana kwamba hakuua kwa kusudi, akafunguliwa.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Mtu aliyetoka gerezani bila hatia alikuwa na njia mbili. Njia ya mashariki iliteremka kwenda kwao Buganda, kwa ndugu na migomba ya nyumbani. Njia ya magharibi ilirudi Mboga, kwa mtu yule aliyemfunga, na kwa jamaa ya mama aliyekufa kwa mkuki wake. Apolo akashika njia ya magharibi. Akaingia tena Mboga, akaanza tena kulima na kufundisha, wala hakudai fidia ya mapigo yake. Na Tabaro, aliyekuwa adui, baada ya muda akaanza kuja kusoma. Mwisho akabatizwa, akaitwa Paulo. Mtu aliyemnyima mwalimu chakula sasa alisali pamoja naye katika nyumba moja.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na mwaka 1903 akapewa ukasisi. Miaka mingi iliyofuata alifanya kazi katika Toro, akizunguka kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Hakuoa. Nyumba yake ilijaa vijana, wengine yatima, aliowalea, akawafundisha kusoma, kulima na kusali, na wengi wao wakawa waalimu. Mshahara wake ulikuwa mdogo sana, na mara nyingi ulikwisha kwa wageni na wagonjwa kabla haujamfaa yeye.

Wakati huo mabwana wa Ulaya walikuwa wakigawanya nchi. Watoto wa Sirari wanaujua mpaka unaowatenga Wakurya wa upande huu na Wakurya wa Kenya. Basi jambo kama lile lilifanyika Mboga. Kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 Mboga ilihesabiwa upande wa Kongo, ikaondoka katika mikono ya Waingereza, na Wakristo wake wakatengwa na ndugu zao wa Toro. Katika miaka ya Vita Kuu ya kwanza Apolo, aliyekuwa sasa mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, alirudi kuwachunga.

Mwaka 1921 aliona njozi nyingine, iliyomtuma msituni. Ndani ya msitu ule wamekaa tangu kale Wambuti, ambao Waswahili huwaita Mbilikimo. Ni watu wafupi, wawindaji hodari kwa upinde na nyavu, wanaoujua msitu kama ninyi mjuavyo njia ya kisimani. Majirani zao waliwadharau, wakiwahesabu karibu na wanyama. Apolo hakuwahesabu hivyo. Aliketi nao chini penye vibanda vyao vya majani, akala nao, akajifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha yao. Kabla hajafa, baadhi yao walikwisha kubatizwa. Mwaka 1922 Kanisa lilimpa heshima ya kuwa Kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini heshima hiyo haikumtoa msituni.

Mwanzo wa mwaka 1933 aliugua moyo, akalazwa katika hospitali ya Mengo, Kampala. Alipofahamu kwamba hatapona, aliomba arudishwe Mboga afe kati ya watu wake. Safari ilikuwa ndefu na ya taabu kwa mgonjwa, lakini alifika. Akafa tarehe 30 Mei 1933.

Alikuwa ameacha agizo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa chake kikielekea mashariki, nako mashariki ya Mboga ni Toro, na Buganda kwao. Apolo alitaka kichwa chake kielekee magharibi, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki watu wasioisikia Injili. Wakamzika kama alivyotaka. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya askofu, na makanisa ya Anglikana yakaenea kutoka pale mbali katika Kongo. Kaburi lake liko pale juu ya kilima, na mbele ya kichwa chake unaanza msitu.