Manute Bol: Mchunga ng'ombe aliyefika NBA

Msikilizaji wetu wa Tarime na Serengeti hahitaji kuelezwa kazi ya kijana anayelinda ng'ombe huku akimhofia simba. Manute Bol alianzia hapo. Leo tunaangazia safari yake ya mpira wa kikapu, na alivyotumia fedha alizopata.

Alikuwa Mdinka wa Turalei, Sudan Kusini ya leo. Kumbukumbu rasmi zinataja mwaka 1962 kuwa wa kuzaliwa kwake. Kwa Wadinka, kama kwa Wakurya, ng'ombe ndiyo mali na ndiyo mahari. Bol alisimulia kwamba akiwa machungani aliua simba kwa mkuki.

Alikuwa na urefu wa mita 2.31. Alianza kucheza Wau, kisha Khartoum, na mwaka 1983 akapelekwa Marekani. Kiingereza kilimpa shida, lakini alichezea Chuo Kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 akachukuliwa na Washington Bullets.

Katika msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, rekodi ya mchezaji mgeni ambayo bado inasimama. Hakuwa mfungaji. Kwa misimu 10 alizuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599 tu. Alipita pia Golden State, Philadelphia na Miami, kisha akaenda kucheza Italia, ambako baridi yabisi ilimkwamisha.

Wakati huo vita vya kusini mwa Sudan vilikuwa vikiua ndugu zake. Bol alitoa sehemu kubwa ya mapato yake kwa wakimbizi na kwa harakati za watu wa kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi Khartoum. Alieleza kwamba aliahidiwa uwaziri wa michezo kwa sharti la kubadili dini, akakataa. Baadaye alizuiwa kuondoka nchini, na aliporudi Marekani mwaka 2002 alikuwa mkimbizi asiye na kitu.

Mwaka huohuo alipanda ulingo wa ndondi kwenye televisheni. Wapo waliomcheka, lakini alikuwa akitafuta fedha za kusaidia watoto wa Sudan. Mwaka 2004 aliumia vibaya shingo katika ajali ya teksi. Hata hivyo alirudi nyumbani kusaidia ujenzi wa shule Turalei.

Alifariki dunia Juni 19, 2010, huko Virginia, kwa ugonjwa wa figo na maradhi makali ya ngozi. Alizikwa Turalei. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, mwaka mmoja baadaye, bila yeye kuuona. Mwanawe, Bol Bol, aliingia NBA mwaka 2019.

Kwa mfugaji anayejiuliza mali ni ya nini, maisha ya Bol yanatoa jibu moja: aliitumia kwa watu wake, hata ilipomwishia.